Kabla ya Kumwita Mnyama Adui



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Baada ya hayo, nataka leo tuzungumze juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu za pwani halisemwi sana, ingawa wengi wetu tumo ndani yake, nalo ni kuua wanyama wa mwituni. Sisemi mbuzi wa akika wala ng'ombe wa harusi, kwani hukumu zao tumezisoma tangu chuoni. Nasema nguruwe anayefukua muhogo, kima aliye juu ya mnazi, paa aliyenaswa porini, na chui, simba na ndovu. Nani ana haki ya kuwaua? Awaue wapi, kwa sababu gani, na kwa njia gani?

Mimi ni mtu wa kusini ya Unguja, na upande wa mama yangu ni watu wa usasi. Mjomba wangu alikuwa na mbwa sita, mikuki na nyavu. Mbwa wale walilala katika banda lao mbali na mlango, na bibi yangu aliweka mtungi wa maji na kifuu cha udongo safi karibu na ukuta, ili atakayeguswa na mate ya mbwa aoshe mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Kwa hiyo usinidhanie, ndugu yangu, kwamba nakuja kuwatukana wasasi. Nimekula kwao na nimelelewa nao. Ninalolitaka ni tupime kazi hii kwa mizani ya dini yetu.

Uislamu haukuuharimisha uwindaji. Katika Suratul Maidah, aya ya 4, tumehalalishiwa anachotukamatia mnyama tuliyemfundisha, kwa sharti tulitaje jina la Mwenyezi Mungu. Na Mtume (S.A.W.) ameruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Anayemdharau msasi kwa sababu ya mbwa wake tu, basi hana hoja.

Lakini itazame Sura hiyo hiyo, aya ya 95. Aliyehirimia akiua mnyama wa mwituni kwa makusudi, hulazimika kulipa badala yake, na badala hiyo haikisii yeye mwenyewe, bali huhukumiwa na watu wawili waadilifu. Fikiri, ndugu yangu: waamuzi wawili waadilifu wanakaa kitako kwa ajili ya paa mmoja! Najua kwamba hukumu hiyo ni ya ihramu. Hata hivyo, ina fundisho la kila siku, nalo ndilo ninalotaka kulieleza hapa: kumuua mnyama ni hukumu, na hukumu hutanguliwa na ushahidi. Mwenye kumwita mnyama adui kabla ya kuhakikisha, humdhulumu mnyama, na mara nyingi humdhulumu na mwanadamu mwenzake.

Nitakupa mifano mitatu, miwili ya kisiwani kwetu na mmoja wa bara ya pwani.

Mfano wa kwanza ni chui wa Unguja. Kisiwa chetu kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara na madoa yake madogo pia, aliyebaki hapa tangu zama za kale, bahari ilipopanda ikaitenga Unguja na bara. Mwaka 1932 wataalamu wa wanyama walimwandika kuwa ni aina ya peke yake. Alikuwa ndiye mla nyama mkubwa kuliko wote kisiwani. Hofu ya watu juu yake haikuwa ya bure, maana aliingia mazizini, na mtu aliyekwenda kondeni alfajiri alikuwa na haki ya kuangalia nyuma. Lakini juu ya hofu hiyo watu waliongeza jambo jingine. Walisema kwamba wako watu wanaofuga chui kwa uchawi, wakawalisha na kuwatuma kuwadhuru majirani zao.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikafanywa kampeni ya kisiwa kizima, iliyoongozwa na mganga aliyesifika kwa kutoa uchawi. Kufichua wachawi na kuua chui vikawa kazi moja. Chui akahesabiwa katika wanyama waharibifu, na vikundi vya wasasi vikaendelea kumwandama. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, wataalamu wengi walikuwa wamekwisha hukumu kwamba ametoweka. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa msituni ilipiga picha ya mnyama anayefanana naye, lakini hapana uthibitisho uliofuata. Anayetaka kumjua chui wa Unguja hivi leo, humjua kwa ngozi na mifupa iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Sasa nikwambie niliyoyaona mwenyewe. Katika kijiji tulichokaa nilipokuwa mtoto wa chuoni, palikuwa na mzee mmoja ambaye hakukosa sala ya alfajiri. Mahali pake palikuwa safu ya mbele, nyuma ya imamu. Watu walisema ana chui. Hapana hata mmoja aliyemwona naye. Ushahidi wao ulikuwa kwamba konde lake liko mbali, karibu na msitu. Kwamba mbuzi wake hawapotei wakati wa wengine wanapotea. Na kwamba si mtu wa maneno mengi. Mzee yule alipoalika watu khitma, waliokuja walisoma, lakini sahani zilirudi jikoni na wali wake. Binti yake aliposwa, na siku ya tatu wakaja watu kuirudisha posa. Mzee hakugombana na mtu. Alifungua mlango, akawakaribisha, akawapa kahawa, na wale watu wakaviacha vikombe vimejaa.

Mzee yule amekwisha kufa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chui naye hayupo. Lakini jina halikufa. Wajukuu zake mpaka leo wakipita, utasikia mtu akinong'ona kwamba hao ni watu wa chui. Basi tujiulize sisi tunaosali na kufunga: dhambi ya neno lile inaandikwa kwa nani? Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Na katika aya ya 12 ya Sura hiyo tumekatazwa dhana mbaya na kusengenyana. Mwenye kumuua chui aliyevamia zizi lake hana lawama. Lakini aliyemuua chui kwa kuamini kwamba ni mtumwa wa jirani yake, huyo amekosa mara mbili: ameitia kasoro itikadi yake, na ameivunja heshima ya Mwislamu. Na kijiji kizima kikifanya hivyo, hatimaye hupotea umma mmoja katika viumbe vya Mwenyezi Mungu. Sitii chumvi ninaposema umma, kwani Suratul An'am, aya ya 38, imewaita hivyo wanyama wa nchi kavu na ndege warukao, kwamba ni umma kama sisi.

Mfano wa pili ni kima punju. Huyu ni yule kima mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizozunguka uso, ambaye asili yake haiko popote duniani isipokuwa Unguja. Neno punju maana yake sumu. Wazee wetu walisema mti anaoula hufa, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Wenye minazi karibu na Jozani wakamshitaki kwa jambo la dunia zaidi: kwamba hula vidaka, na kidaka kilicholiwa leo ni nazi iliyokosekana kesho. Shitaka hili lilikuwa na sura ya kweli, maana kima alionekana mchana kweupe juu ya mnazi, na vidaka vimelala chini.

Katika miaka ya 1990 wakaja wataalamu, wakakaa, wakahesabu. Walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizoangushwa, mnazi kwa mnazi. Mwaka 1999 wakatangaza waliyoyapata: mahali kima walipokula vidaka vingi, nazi zilizovunwa hazikupungua, bali zilizidi kidogo. Sababu ikaelezwa kwamba mnazi hauwezi kuvilea vidaka vyake vyote mpaka viwe nazi. Vingi huanguka vyenyewe. Kima anapovipunguza, vinavyobaki hupata nguvu, kama mkulima anapong'oa miche iliyosongamana. Basi mshitakiwa aliyekuwa akipigwa mawe kila siku, shitaka la nazi halikumthibitikia.

Sisemi kwamba kima wote hawana dhara, wala kwamba punju hali kitu kingine. Kima wa kawaida ni mwizi wa mahindi, na mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Nasema kwamba tulihukumu kwa macho tu, bila ya kuhesabu. Na juu ya hayo, tukumbuke hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas, kwamba Mwislamu akipanda mti au akilima shamba, anachokula ndege, mtu au mnyama katika hicho, huandikiwa sadaka. Sikwambii uwaachie wanyama shamba zima ukafa na njaa. Nakwambia kwamba kidaka kilicholiwa si lazima kiwe hasara. Huenda kimeandikwa katika daftari lako upande wa faida.

Mfano wa tatu ni nguruwe mwitu, na huyu ushahidi umemthibitikia. Anayelima muhogo katika ardhi ya mawe ya kusini yetu anajua. Tunajenga ukuta wa mawe, tunaouita bigili, kulizunguka konde, na nguruwe hutafuta jiwe lililolegea. Akiingia usiku mmoja, asubuhi kazi ya miezi minane imelala juu. Mtu mwenye watoto na konde moja, huo ndio mwisho wa chakula chake.

Lakini dhara ya nguruwe ni kubwa kuliko hiyo. Huko bara, katika wilaya za pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Rufiji mpaka Lindi na Mtwara, simba wameua watu wengi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulihesabu, kwa Tanzania nzima, watu 563 waliouawa na simba na 308 waliojeruhiwa baina ya mwaka 1990 na 2004, na wengi wao walikuwa wa upande huo wa kusini. Wachunguzi walipouliza kwa nini, jibu lilikuwa nguruwe. Nguruwe huja mashambani wakati wa mavuno, simba huwafuata nguruwe, na mkulima naye amelala kwenye dungu kondeni ili awafukuze nguruwe. Simba akimkosa nguruwe, humkuta mkulima. Mahali hapo, mwenye kupunguza nguruwe amelinda chakula, amelinda roho za watu, na amemlinda hata simba, ambaye kama hakuja kijijini hapana atakayemwekea sumu.

Basi dini yetu haisemi kwamba kila mnyama aachwe. Mtume (S.A.W.) aliwataja wanyama watano wenye madhara ambao huuawa hata katika Haram: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Na sisi wa pwani twamjua vizuri kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, akaishia kula vifaranga vyetu na mayai ya ndege wa asili. Dhara ikithibiti, huondolewa. Hoja yangu ni neno hilo moja: ikithibiti.

Tukishahakikisha kwamba dhara ni ya kweli, bado yabaki mambo manne, ndugu msomaji, na yote yanatuhusu.

Kwanza, njia nyepesi hutangulia njia nzito. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii, wanapoeleza namna ya kumzuia mwenye kukushambulia, akiwa mtu au mnyama, husema kwamba anayeweza kuzuiwa kwa ukelele hapigwi, na anayeweza kuzuiwa kwa kipigo hauawi. Kwa shamba, ukelele ni kule kuwinga, ni dungu, ni bigili lililotengenezwa vizuri kabla ya msimu. Ndugu zetu wa Sagalla, katika nchi ya Taita, wanaosumbuliwa na ndovu wa Tsavo, wametundika mizinga ya nyuki kwenye uzio wa mashamba yao. Ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, huogopa nyuki. Akiigusa kamba mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka akarudi. Mwenye shamba hulinda mahindi na akapata asali. Si wote wanaozuilika, lakini wengi huzuilika, na hapana aliyekufa.

Pili, atakayeuawa auawe kwa wema. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja. Niliwahi kuona, nikiwa kijana, nguruwe aliyenaswa wavuni akiwa hai. Vijana wa kijiji wakamfunga miguu, wakaanza kumpiga mawe mmoja mmoja, watoto wakicheka na watu wazima wamesimama wakitazama. Walidhani kwamba kwa kuwa ni nguruwe, hapana dhambi. Mjomba wangu alifika anahema, akawapita wote, akammaliza kwa mkuki mara moja. Kisha akawaambia, "Tumekuja kuondoa dhara, wanangu. Hatukuja kucheza." Maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa mtu ambaye hakusoma zaidi ya juzuu chache, na yanatosha. Uharamu wa nguruwe uko katika kumla. Haukutupa ruhusa ya kumtesa. Na sote twaijua habari ya Nabii mmoja aliyeng'atwa na chungu, akaamrisha kiota chao kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba kwa kosa la chungu mmoja ameteketeza umma unaomsabihi.

Tatu, njia ya kuua imfikie mkosaji tu. Hapa nazungumza juu ya tanzi za waya na sumu. Tanzi haijui jina la mnyama. Anayetega kwa nguruwe humnasa paa nunga, mnyama aliyebaki Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu, kama Arabuko-Sokoke na ile ya Boni na Dodori upande wa Lamu. Hapa Unguja makadirio yalikuwa kiasi cha paa nunga 5,000 mwaka 1983. Hesabu ya mwaka 1999 ikawapata chini ya 700. Na kuna jambo jingine ambalo mama wa nyumbani anayeletewa nyama ya paa mlangoni asilipuuze. Suratul Maidah, aya ya 3, imeharimisha mnyama aliyekufa kwa kunyongeka, isipokuwa akiwahiwa na kuchinjwa angali hai. Paa aliyekutwa asubuhi amekufa katika tanzi ni mzoga, hata kama aliyetega ni Mwislamu, na hata kama nyama inanukia vizuri jikoni. Usione haya kumwuliza muuzaji: paa huyu alikamatwaje, na nani alimchinja? Akisita kujibu, mrudishie nyama yake.

Nne, ni suala la ardhi. Kwa asili ya sheria yetu, mnyama wa mwituni hana mwenyewe mpaka akamatwe. Kuingia kwake katika shamba lako hakumfanyi kuwa mali yako, na wala si ruhusa kwa jirani kuvunja ua wako kumfuata. Mwenye kutaka kuwinda katika shamba la mtu aombe idhini. Ama ardhi ya umma, ni haki ya watu wote, na mwenye kusimamia haki hiyo ana mamlaka ya kuzuia. Jambo hilo si geni kwetu wala halikuanza kwa Wazungu. Mtume (S.A.W.) aliufanya mji wa Madina na viunga vyake kuwa mahali patakatifu, wanyama wake wasiwindwe na miti yake isikatwe. Kwa hiyo hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na misitu mingine kama hiyo, tusiione kama ardhi tuliyonyang'anywa ili wageni wapige picha. Kuingia humo usiku na tochi na mbwa ni kuchukua kilicho cha wote.

Lakini mizani ina pande mbili. Mwenye mamlaka akisema mnyama huyu ni wa umma, usimguse, basi hasara ya mnyama huyo nayo ni ya umma. Haiwezi kuachwa juu ya kichwa cha mtu mmoja maskini. Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, zinatukumbusha hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman juu ya mbuzi na kondoo wa watu walioingia usiku katika shamba la mtu wakalila. Wafasiri wanasimulia kwamba Suleiman aliamua mwenye shamba apewe wanyama anufaike na maziwa na sufi yao, na mwenye wanyama alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Pande zote mbili hazikudhulumika. Katika zama zetu, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama wa mwituni, na Tanzania bara ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Majina hayo ni mazuri. Lakini jasho hukauka lenyewe kama kitambaa kikichelewa, na mkulima aliyengojea misimu miwili bila ya kuona kitu ndiye anayeshika waya na sumu. Wenye dhamana hiyo waijue, nao wataulizwa.

Labda utaniuliza: na wale wanaowinda kwa starehe tu? Mwezi wa Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa. Katika safari yake hiyo yeye na mwanawe waliua wanyama 512, na wengi wakapelekwa kwao kujazwa katika jumba la makumbusho. Kenya iliukataza uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977, na katazo hilo lingalipo. Tanzania iliusimamisha mwaka 1973, ikaurudisha kwa leseni mwaka 1978. Wako wanaosema kwamba fedha ya mwindaji tajiri huilinda pori na kuwalipa askari wake, na wako wanaokataa. Mimi nasema hivi: Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Abdullah bin Umar alipowapitia vijana waliomfunga ndege wakimlenga mishale, aliwakemea kwa kuwasomea laana ya Mtume juu ya kitendo hicho. Mwislamu asiyehitaji nyama, wala hana dhara ya kuzuia, hana analolitafuta katika kuua.

Wala tusiwanyoshee wageni kidole peke yao. Fahari ya miji yetu ya zamani, pamoja na milango ile ya nakshi tunayoisifu, sehemu yake ilijengwa kwa pembe za ndovu. Misafara ilitoka Bagamoyo na Pangani, soko lilikuwa Unguja, na pembe zikaenda Ulaya na Marekani kufanywa vipini vya visu, vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Ndovu wangapi waliuawa ili mtu wa mbali apige piano, hilo ni hesabu ya Mola wao.

Basi, ndugu yangu, kijana wako akija kukuomba ruhusa ya kwenda kusaka, usimkatalie kwa kuogopa mbwa, wala usimkubalie kwa sababu eti ni nguruwe tu. Mwulize: Dhara imethibiti, au ni maneno ya barazani? Mmejaribu kuzuia kabla ya kuua? Mtaua kwa mkono wenye huruma? Na mahali mnapokwenda, mna idhini? Akijibu yote vizuri, mwombee salama, amtaje Mola wake na aende. Akishindwa hata moja, mwambie akae.

Na watoto wadogo wafundishwe mapema. Mtoto anayemrushia kima mawe mbele ya baba yake, na baba ananyamaza, amefundishwa kwamba kiumbe dhaifu hana wa kumtetea. Atakapokuwa mtu mzima, dhaifu huyo huenda akawa mke wake, mtumishi wake, au jirani yake wa safu ya mbele msikitini aliyezushiwa neno.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohakikisha kabla ya kuhukumu, na wanaowaonea huruma walio ardhini ili nao waonewe huruma na Aliye juu. Amin.

Wabillahi tawfiq.